Gari la Kiitaliano la Yusufu

Siku mliyoniaga pale gerejini, vijana wangu, mliniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijaanza kuyasahau. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mishahara yetu mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za kazi. Na kwa kuwa mmesikia mengi kuhusu gari jekundu la Yusufu kutoka kwa watu ambao hawakuliona, nitawaeleza la kwangu mimi niliyeliona, nikalifungua, na nikamwonea wivu mwenye nalo kwa muda mrefu kuliko gari lenyewe lilivyodumu mikononi mwake.

Niliingia karakana ya chama cha ushirika pale Masasi nikitoka shule ya ufundi ya misheni. Nilivaa shati jeupe, cheti kikiwa mfukoni. Fundi mkuu alikuwa Mzee Chilumba, mtu mfupi mwenye vidole vinene. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama shati langu, kisha akanipa beseni la mafuta ya taa lililojaa bolti na nati, nizisafishe. Cheti hakukiuliza siku ile wala siku nyingine yoyote.

Wiki hiyohiyo akaja Yusufu, kijana wa Newala. Yeye hakuwa na cheti. Alikuwa utingo wa lori la korosho, na alijifunza ufundi kwa kulala chini ya lori lililoharibika huku dereva akimtukana. Tukawekwa beseni moja. Tulikuwa rika moja, na tulipatana mapema, kwa sababu wote wawili tulinuka mafuta ya taa na hakuna mwingine aliyetaka kula karibu nasi.

Mzee Chilumba alifundisha kwa masikio. Lori likiletwa na kasoro, hakuruhusu mtu ashike spana. Alituambia tufumbe macho, injini ikinguruma, kisha akauliza ni silinda ipi haifanyi kazi. Mimi nilikuwa nakisia. Yusufu alikuwa anajibu. Alisimama kichwa kikiwa upande kidogo, kama mtu anayesikiliza jirani nyuma ya ukuta, kisha akasema, "Ya tatu," na ikawa ya tatu. Mzee hakumsifu. Alimkabidhi tu kazi ya kurekebisha kabureta, akanipa mimi breki. Breki ni kazi nzuri, zinaokoa roho za watu, lakini hakuna aliyewahi kusimama kusikiliza breki na kutabasamu. Wivu wangu kwa Yusufu ulianzia hapo.

Mambo mawili ya Mzee Chilumba nawaachia. La kwanza, usifungue kitu ambacho hujakisikiliza. La pili, rejeta ya moto usiifungue hata mwenye gari akikuharakisha, maana uso utakaoungua si wake. Alistaafu akarudi kwao Nanganga, na hakuwahi kuliona gari hili. Nadhani angelitazama sana, kisha angetukataza kuligusa.

Ikaja miaka ile ruhusa ilipotoka watu binafsi wanunue korosho. Wanunuzi wakamiminika na pikapu zao za Kijapani zilizotumika, wakinunua hadi vijijini ambako malori yetu yalikuwa yanachelewa. Malori ya ushirika yakaanza kusimama uani, moja likiazima tairi la jingine, mpaka yakabaki mengi yasiyo na tairi hata moja. Tukapunguzwa kazi. Mimi nilirudi Chiungutwa, nikaezeka kibanda cha mabati kando ya barabara, nikawa natengeneza baiskeli na mashine za kusaga. Yusufu akaajiriwa Newala na mnunuzi mmoja wa korosho, Bwana Hamza, amtunzie lori lake na pikapu mbili. Nilimpongeza. Kisha nikakaa kwenye kibanda changu nikiziba pancha na kujiuliza kwa nini Bwana Hamza hakuniita mimi.

Msimu mmoja ulipokwenda vizuri, Bwana Hamza alisafiri kwenda Dar es Salaam akarudi na gari la Kiitaliano la mwendo kasi, jekundu, milango miwili, likiwa limepakiwa juu ya lori. Alilinunua kwa mhandisi wa Kiitaliano aliyekuwa anarudi kwao. Usukani ulikuwa kushoto. Lilikuwa chini kiasi kwamba mtu mzima alilazimika kujikunja ili aingie, na akishaingia alikaa kama aliyeketi kwenye jamvi. Jina la kampuni sitalitaja, maana gari hilo halikuundwa kwa ajili ya mchanga wetu, na si haki kulilaumu kwa mahali lilikoletwa.

Yusufu aliniletea habari kwa dereva wa lori la muhogo, akisema nipande Newala nikaone. Nikaenda. Alifungua boneti kwa mikono miwili, taratibu. Nikaona kabureta mbili, kila moja na midomo miwili, zimelala ubavuni mwa injini. Nikaona hedi ya aluminiamu, kile kifuniko cha juu cha injini, na badala ya mnyororo wa taimingi nikaona mkanda wa mpira. Akaliwasha. Sauti yake siwezi kuiandika. Yusufu aliinamisha kichwa upande, akagusa skrubu moja robo mzunguko, na sauti ikanyooka. Alinitazama akitarajia niseme neno. Nikamwambia kibati cha namba kinalegea. Nikarudi Chiungutwa, na njia nzima sikuwa na raha.

Sasa sikilizeni habari za matunzo, kwa sababu hii ndiyo sehemu itakayowafaa. Gari la namna ile likiwa jipya, kwenye lami, lina mwenyewe wa kulihudumia kwa vipuri vya dukani. Likifika mkononi mwako limeshachoka, na mtu aliyeliuza alijua linadai nini. Mkanda wa taimingi usisubiri ukatike. Kama hujui umefungwa lini, ubadilishe siku hiyohiyo, maana ukikatika valvu zinagonga pistoni na hapo unazika injini. Kabureta zake lazima zivute hewa sawasawa. Yusufu alizipima kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Waya za chini, zinazorudisha umeme kwenye bodi, zinashika kutu, taa zinazimika, na mtu anabadilisha fyuzi bure wakati tatizo liko kwenye bolti moja ya kwenye bodi. Filta ya hewa ilijaa vumbi jekundu kila liendapo kijiji cha Mkunya na kurudi. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, iligonga mawe mpaka Yusufu alipoifungia ngao aliyoikata kwenye pipa la mafuta. Vipuri vilitoka Dar, vikikosekana vilitoka Nairobi, vikikosekana huko vilisubiriwa kutoka Italia kwenyewe, na gari likasimama chini ya turubai huku lori la Bwana Hamza, lililokuwa linamlisha yeye na watoto wake, likienda kazini na breki zinazolia.

Kila niliposikia gari limelala, nilipata usingizi mzuri. Kila niliposikia Yusufu kaliamsha tena, nilikuwa mkali kwa wateja wa baiskeli. Mke wangu, Mama Agnesi, aliniambia wazi kwamba angeweza kujua hali ya gari la Bwana Hamza kwa kunitazama ninavyokula.

Kisha bei ya korosho ikaanguka Bwana Hamza akiwa ameshajaza ghala. Alidaiwa huku na huku, akauza lori, akauza pikapu. Yusufu alikuwa hajalipwa muda mrefu. Bwana Hamza hakuwa mtu mbaya. Alimwita, akamkabidhi ufunguo wa lile gari na kadi yake mbele ya mashahidi, akamwambia hana kingine cha kumlipa, kisha akahamia Dar es Salaam. Ndivyo fundi mwenzangu wa beseni la mafuta ya taa alivyopata gari la Kiitaliano.

Alipopita Chiungutwa mara ya kwanza akiwa mwenye gari, alisimama, akanisalimu, akauliza hali ya watoto. Alikuwa na adabu ileile. Ningependa sana kusema kwamba aliringa, ingenirahisishia, lakini hakuringa. Aliondoka polepole ili asinitimulie vumbi, na hilo nalo nikalichukia.

Mkewe, Somoe, hakuwa na furaha. Ninyi mliokulia bondeni hamjui maji ya Newala ya wakati ule yalivyokuwa. Bomba lilipokauka, wanawake walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Na lile gari lilikunywa. Rejeta yake ilikuwa na tundu dogo lisiloziba vizuri, na kila Yusufu alipotaka kuliwasha alichota kwenye pipa la Somoe. Siku moja nilikuwa kwao nikamsikia akimwambia mumewe, bila kupaza sauti, kwamba kama lile gari lingekuwa mke mwenza, angalau angekwenda kuteka na yeye. Yusufu alicheka. Somoe hakucheka.

Kisha mpira wa maji wa injini ulipasuka Yusufu akiwa anapanda ule mlima wa kuingia Newala. Vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba hakuuona mvuke, na mshale wa joto ulikuwa umekufa tangu enzi za Mtaliano. Injini ikachemka mpaka ikazima yenyewe. Lori la muhogo lililokuwa linashuka likalivuta hadi kibandani kwangu, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu penye fundi. Yusufu aliteremka, akasimama pembeni. Hakuliinamia kusikiliza, kwa sababu halikuwa na sauti tena.

Tukalifungua pamoja kesho yake asubuhi. Tukaiweka hedi juu ya meza, nikalaza rula ya chuma juu yake, na mwanga ukapita chini ya rula kama unavyopita chini ya mlango. Ilikuwa imepinda. Nikaifuta kwa petroli, nikaona na ufa, mwembamba, kutoka valvu moja hadi nyingine. Yusufu naye aliuona. Akaniuliza ninasemaje.

Hapa ndipo palipokuwa pagumu, kuliko hedi yenyewe. Kwa macho yangu niliona hedi iliyokufa. Aluminiamu iliyopasuka mahali pale, kwa mafundi tuliokuwa tunawajua, haikuwa na dawa, na hedi nyingine ingetoka Italia kwa fedha ambazo hakuwa nazo. Lakini moyoni nilikuwa nimelitamani jambo hilo tangu siku ya kwanza. Niliyoyaona na niliyoyataka yalikuwa yamekuwa kitu kimoja, na sikuwa na rula ya kuyapima. Nilirudia kuitazama ile hedi, nikaigeuza, nikaigonga kwa spana na kuisikiliza. Kisha nikasema nilichokiona.

"Imekwisha, Yusufu. Uza magurudumu na viti, injini iache."

Akawa anapangusa mikono. Akasema atauza mikorosho aagize hedi mpya.

Nikamwambia mikorosho inalisha watoto, na gari hili hata likipata hedi leo, kesho litataka giaboksi, keshokutwa klachi. Nikasema mengi, na yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yote uliyosema ni sawa," akasema. "Lakini ni wivu unaoyasema."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemjibu. Akaifunga hedi kwenye gunia, akaipakia kwenye baiskeli niliyomwazima, akaenda zake. Gari likabaki kwangu, wazi, likiwa limefunikwa turubai, na mimi nikawa nalipita kila asubuhi nikienda kufungua kibanda.

Habari za mikorosho zikafika kwa mjomba wake Somoe. Mnajua taratibu za kwetu: mume huhamia upande wa mke, na ardhi ni ya ukoo wa mke. Yusufu aliipanda ile mikorosho kwa mikono yake mwenyewe, lakini ardhi ilikuwa ya kina Somoe, na msemaji wao alikuwa mjomba. Aliwaita wote wawili. Nami Somoe alinitumia neno nije, kama mtu aliyeiona ile hedi.

Mjomba hakuuliza habari za gari. Alimuuliza Yusufu kama mikorosho ikiuzwa, watoto wa Somoe watasimama wapi wakiulizwa kwao ni wapi. Kisha Somoe akanigeukia.

"Shemeji, sema kweli. Lile gari litapona?"

Nikasema kwa ninavyojua mimi, halitapona. Yusufu alikuwa ameinama, hakunitazama. Mjomba akasema mikorosho haiuzwi, na shauri likaisha. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshinda, lakini njia nzima nilitembea kama niliyefukuzwa.

Baada ya hapo Yusufu akapotea. Somoe alisema amekwenda Dar es Salaam na gunia lake. Hakuuza mti hata mmoja, wala hakuuza spana zake. Baadaye nilikuja kujua alichokifanya. Alizunguka karakana za huko akiionyesha hedi, wakamcheka, mpaka alipompata mzee mmoja wa bandarini aliyekuwa anaunga aluminiamu za injini za boti kwa mashine ya gesi. Hakuwa na fedha ya kumlipa, kwa hiyo akamfanyia kazi. Alimrekebishia kabureta za wateja wake mchana kutwa, na yule mzee, alipoona masikio ya Yusufu yanavyofanya kazi, akaanza kuiunga hedi ile kwa mikono yake mwenyewe, kidogo kidogo, akiipasha moto taratibu isije ikapasuka upya. Kisha ikapelekwa kuchongwa iwe sawa.

Alirudi mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Alikonda. Akashuka na gunia mbele ya kibanda changu, akasalimu, akaitoa hedi akaiweka juu ya meza ileile. Nikachukua rula. Mwanga haukupita. Nikautafuta ule ufa kwa macho na kwa ukucha, nikakuta alama ya uungaji iliyochongwa laini.

Nikachukua spana, tukaanza kufunga. Aliniachia nikaze bolti za hedi, kwa kuwa mkono wangu kwenye kukaza ni mzuri kuliko wake, tangu zamani. Unaanza katikati, unatoka nje kwa mzunguko, unakaza kwa awamu, hata kama umechoka na unataka kwenda kula. Yusufu akabadilisha mipira yote ya maji, akaziba rejeta kwa risasi iliyoyeyushwa, akafunga mshale mpya wa joto. Tulipoliwasha liliitika mara ya pili. Yusufu akainamisha kichwa. Watu wa Chiungutwa walikuja kusimama barabarani.

Tukalishusha Masasi, na pale lami inapoanza kuelekea Nanganga akasimamisha gari, akashuka, akazunguka upande wangu akafungua mlango. Akaniambia niendeshe.

Nilikataa, akasisitiza. Nikajikunja nikaingia. Nimeendesha malori, matrekta, na gari la wagonjwa la misheni. Hakuna kilichonitayarisha. Ukiigusa pedali gari linakutangulia kufikiri. Kwenye kona halikuyumba, liliikata barabara kama mkasi, na ile sauti ilikuwa nyuma ya shingo yangu na kifuani mwangu. Lami ilikuwa na mashimo, na niliyakwepa kwa vidole tu. Nilipofika Nanganga nikageuza bila kusimama, kwa sababu sikutaka kuongea na mtu. Yusufu kando yangu alikuwa anasikiliza injini tu.

Tulipofika Masasi nikazima. Nikamwambia jambo ambalo sikutegemea kulisema, kwamba asiliuze gari hili, ingawa ni mimi niliyesema auze viti.

"Nimeshaliuza," akasema. "Mwenyewe anakuja Jumamosi."

Alikuwa mtu wa Dar, mpenzi wa magari ya namna hiyo, aliyesikia habari zake kwa yule mzee wa bandarini. Angelichukua na kumpa Yusufu pikapu ya Kijapani iliyotumika lakini nzima, pamoja na mashine ya kuchomea. Kwa vitu hivyo viwili ndipo ilipoanza gereji hii mnayofanyia kazi, nami nikakiacha kibanda changu nikaja kuajiriwa na mwenzangu wa beseni. Nimuulize nini tena? Nilimuuliza tu kwa nini auze sasa, baada ya taabu yote ile.

"Kwa sababu leo ni zima," akasema. "Ulisema kweli. Kesho giaboksi, keshokutwa klachi. Gari hili haliuzwi likiwa limelala, na mimi sitaliona zima tena."

Nikamuuliza, kama ameshaliuza, kwa nini ameniachia usukani, angeweza kuliendesha safari ile ya mwisho yeye mwenyewe.

Aliusugua usukani vumbi kwa kidole gumba.

"Somoe anaona chombo kinachokunywa maji yake," akasema. "Mjomba anaona wendawazimu. Watu wa Newala wanaona rangi. Wewe peke yako uliona nilicho nacho, tangu siku ile nilipofungua boneti ukashindwa kulisifu, ukaniambia habari za kibati cha namba. Nilitaka tuwe wawili tunaolijua."

Jumamosi yule mtu wa Dar alikuja nyumbani kwa Yusufu, Newala, akalisikiliza, akaondoka nalo. Yusufu alisimama barabarani kichwa kikiwa upande, na mimi kando yake, tukaisikia sauti ikibadilisha gia mara moja, mara ya pili, mpaka ikapotea kwenye mteremko wa kuelekea Masasi. Kisha Somoe akatuita tukale.